Kigeuza kaseti kilichokata ukimya wa Padre

Nimekitumia kifaa hiki wiki tatu, kwa kazi moja tu: kuhamisha kaseti kumi na moja za Padre aliyenifundisha Kilatini na mantiki. Anayetaka kujua kama kinafaa kwa muziki amuulize mwingine.

Ni kidude cha kushika mkononi, umbo la zile redio kaseti ndogo za kuning'iniza kiunoni. Ubavuni kina tundu la flashi na tundu la hedifoni. Unaweka kaseti, unachomeka flashi, unabonyeza kitufe chekundu, na sauti inaingia moja kwa moja kama MP3 bila kompyuta. Kasha linajisifu kwamba kazi yote ni kubonyeza mara moja. Kubonyeza ni mara moja kweli, ila kungoja hawakukutaja. Kaseti ya dakika 90 inahamishwa kwa dakika 90, hakuna njia ya mkato. Zangu zimekula saa kumi na sita na nusu, na hapo sijahesabu zile nilizorudia.

Niseme kaseti hizi zilitoka wapi. Mwaka wa pili wa seminari ndogo nilivunjika mguu nikalala nyumbani muhula mzima. Ningetumiwa daftari la mwenzangu ninakili, yakaisha. Padre hakufanya hivyo. Jioni, baada ya Masifu, alikaa peke yake na kinasa sauti akafundisha darasa la mwanafunzi mmoja asiyekuwepo. Kila wiki kaseti moja ndani ya bahasha ya kaki, namba ya somo kwa penseli. Vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti alikuwa ameshavivunja, nisije nikarekodi nyimbo juu ya sauti yake. Alinijua vizuri mno.

Darasani tulimwita Ngoja Kwanza. Alikuwa akiuliza swali, kisha ananyamaza. Hakudokezi herufi ya kwanza, hamtazami yule mwerevu wa mbele. Mwerevu akiwahi kunyoosha mkono anaambiwa, "Ngoja kwanza, wenzako wako njiani." Unasikia viti vinalia, mtu anakohoa, na wewe uliyezoea kujificha nyuma ya wenye mbio unagundua kwamba leo huna pa kujificha. Nimepita kwa walimu wengi baada yake, wengine wasomi kumzidi, lakini sijaona aliyekuwa na ujasiri wa kukaa kimya namna ile.

Sasa kasoro ya kifaa. Kikikutana na ukimya wa sekunde chache, kinadhani wimbo umekwisha. Kinafunga faili, kinautupa ukimya, kinaanza faili nyingine sauti ikirudi. Kwa albamu ya muziki labda ni msaada. Kwangu, upande A wa kaseti ya kwanza ulitoka vipande 31. Nikavisikiliza kwa mfululizo: "Kwa nini hapa ni puellam na si puella?" Hapo hapo, bila hata pumzi: "Vizuri. Tuendelee." Padre wangu amegeuka mtangazaji wa mpira! Tumemzika juzijuzi, nami nikaona kama nampoteza mara ya pili. Kijitabu cha maelezo nimekisoma mara tatu. Kitufe cha kuzima ukataji huo hakipo.

Dawa niliipata kwa kuachana na flashi. Chukua waya wa pini ya milimita 3.5, toa sauti kwenye tundu la hedifoni, ingiza kwenye kompyuta, rekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti ambayo ni ya bure. Hifadhi kwanza kama WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa. Sauti ya mtu mmoja haihitaji stirio, na hata hivyo kaseti nzima inakaribia nusu gigabaiti, kwa hiyo andaa nafasi. Usiweke sauti juu sana. Ikishapasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena.

Hapo ukimya ukarudi wote, pamoja na saa ya ukutani na kiti chake cha mbao. Nikagundua pia kwamba mota ya kifaa inakimbia. Nimejuaje? Katika somo la nne anasema, "Nakupa dakika moja," na kwa saa yake ya mkononi dakika haikuwahi kupungua. Kwenye kompyuta ilitoka sekunde 57. Nikapunguza kasi kwa asilimia 5, dakika ikawa dakika, na sauti iliyokuwa nyembamba kama ya shemasi kijana ikashuka ikawa yake.

Jambo jingine: safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti mbili tatu. Mikanda ya umri huu inamwaga vumbi la kahawia, na sauti huanza kufifia polepole bila wewe kujua.

Somo la sita ndilo ninalorudia zaidi. Anacheka kwanza, kisha anasema: "Mnalia eti Kilatini kina makundi matano ya nomino. Haya, niambie wewe ngeli zenu ni ngapi, na nani alikufundisha kabla hujaanza shule? Wao wanabadilisha mkia wa neno, ninyi mnabadilisha kichwa. Woga wa nini?" Kisha ananyamaza. Nimepima: sekunde 48.

Na hapa nikiri. Wakati ule, mguu ukiwa kwenye plasta, kila alipofika kwenye ukimya nilikuwa naupeleka mkanda mbele. Kifaa hiki ninachokilalamikia kimefanya nilichokifanya mimi. Safari hii, kwa kuwa kurekodi hakuruhusu kuruka, nimekaa naye saa zote, kalamu mkononi, na nimeandika majibu.

Nyota tatu: moja kwa udogo wake, moja kwa sababu haikutafuna mkanda hata mmoja, moja kwa lile tundu la hedifoni. Mwenye kaseti za mahubiri au masomo asiiguse flashi.

Swali la tatu la somo la kwanza nilikosea. Nimehakikisha kwenye kitabu. Baada ya kungoja, Padre akasema, "Vizuri. Tuendelee."