Uzoefu wangu na subprocess ya Python: faili zenye spesi kwenye jina, na pale Windows inapoleta mambo yake

Nimeitumia subprocess ya Python muda mrefu tu kuita programu nyingine kutoka ndani ya msimbo wangu, hasa ffmpeg ya kubadili video na sauti, na git ya kutunza matoleo ya msimbo, na vile vitu vidogovidogo vya kuchezea PDF, na kwa kuwa swali ni lilelile kila siku, mbona programu inasema faili halipo na mimi naliona hapa kwa macho yangu, nikaona niweke maoni yangu kama mtumiaji wa kawaida. Naipa nyota nne kwa tano. Ile moja iliyokosekana nitaifikia, na sehemu kubwa wala si kosa la Python.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba unaipa orodha badala ya sentensi. Yaani hivi:

subprocess.run(["ffmpeg", "-i", "Hotuba ya pili (mwisho kabisa).mp4", "hotuba.mp3"], check=True)

Basi, umemaliza. Huongezi nukuu, huweki mikwaju, na hayo mabano kwenye jina la faili, ambayo ungeyaandika hivihivi kwenye terminali yangekuletea kelele, hapa yanapita kimyakimya. Watu wengi hawaamini kwamba ni rahisi hivyo wanaanza kutafuta sehemu ya kuchomeka nukuu.

Sababu yake ukishaielewa mambo mengi yanakaa sawa. Kwenye Linux na Mac, programu ikianzishwa mfumo unapokea maneno ambayo tayari yametenganishwa, mlango wenyewe unaitwa execve, na mwisho wa kila neno unaonyeshwa na baiti ya sifuri, kwa hiyo spesi kwake ni herufi tu kama a au b. Anayekatakata maneno kwenye spesi ni sheli, ile unayoandikia amri, na nukuu zipo kwa ajili ya kumwambia sheli hapa usikate. Sasa ukitumia orodha sheli hata haijaitwa, hizo nukuu unamwekea nani?

Ndo maana nikiona mtu kaandika '"Ripoti ya mwaka.pdf"' ndani ya orodha, nukuu ndani ya nukuu, najua kitakachotokea, programu itaenda kutafuta faili ambalo jina lake linaanza na nukuu na kuishia na nukuu, na halipo. Ni sawa na kuvaa koti la mvua ndani ya nyumba. Kinyume chake nacho kipo, mtu anaweka "-i faili.mp4" kama kitu kimoja kwenye orodha, programu inaona swichi, yaani chaguo unaloipa kama hilo -i, moja ndefu yenye spesi katikati ambayo haijui kabisa. Kanuni ni fupi, kila kitu ambacho programu inatakiwa kukiona kama kimoja kinakaa kwenye kikasha chake, basi "--output=Ripoti ya mwisho.pdf" ni kimoja, lakini "-o" na "Ripoti ya mwisho.pdf" ni viwili.

Wale wa zamani watasema mbona os.system ilikuwa inatosha. Ilitosha mpaka siku jina la faili linatoka kwa mtumiaji. os.system inachukua stringi nzima, yaani maandishi yote ya amri kwa pamoja, inaipeleka kwa sheli, ukiunganisha jina la faili humo kwa alama ya kujumlisha, spesi ndo tatizo dogo kuliko yote, maana jina linaweza kuwa na nukta-mkato na amri nyingine mbele yake na sheli itaitekeleza bila kuuliza. subprocess ililetwa kwenye Python 2.4 mwaka 2004 ikusudiwe kuchukua nafasi ya os.system na ndugu zake, na run yenyewe ikaja kwenye 3.5 mwaka 2015, kwa hiyo sio kitu kipya cha kusubiria kikomae.

Kitu ambacho nakishangaa mpaka leo ni shell=True, ile ya kuiambia subprocess ipitishe amri kwenye sheli. Watu wanaiweka kama chumvi tu, kitu kikigoma wanaongeza shell=True waone. Kwenye Linux ukiiweka pamoja na orodha inakuwa kituko, kipengele cha kwanza peke yake ndo kinakuwa amri na vilivyobaki vinapewa sheli yenyewe, yaani ["ls", "-l", "Picha za zamani"] inaishia kuwa ls tupu, inakuorodheshea folda uliyopo na hakuna kosa lolote linaloonekana. Hapo ningependa ipige kelele. Kama kweli unaihitaji sheli, labda unataka bomba la kuunganisha amri mbili, pitisha kila jina kwenye shlex.quote kwanza, kazi ya Python ya kuliwekea jina nukuu ambazo sheli inazielewa. Na usije ukaibeba hiyo kwenda Windows, imeandikwa kwa ajili ya sheli za Unix. Na shlex.split, ile ya kukata stringi kuwa maneno, vilevile, ukiipa njia ya Windows kwa mpangilio wake wa kawaida inaimeza mikwaju ya nyuma yote, C:\Data\moja inatoka C:Datamoja.

Haya, Windows. Hapa ndo nyota yangu ilikopotelea.

Windows haina ile orodha. Programu ikianzishwa kwa CreateProcess inapewa stringi moja ndefu, na kila programu inaikata yenyewe kwa akili zake. Wengi wanafuata kanuni za maktaba ya C ya Microsoft, kwa hiyo Python inachofanya ni kuchukua orodha yako na kuishona kuwa stringi kwa kanuni hizohizo, kuna kazi ndani yake inaitwa list2cmdline, ikiona neno lina spesi inalizungushia nukuu, ikikuta nukuu ndani inaiwekea mkwaju wa nyuma mbele yake. Na hapo kuna ule utata wa mkwaju wa mwisho ambao ukiandika stringi kwa mkono lazima ukukute: "C:\Data Zangu\" ule mkwaju wa mwisho unaigeuza nukuu ya kufungia iwe herufi ya kawaida, matokeo yake kila kilichofuata nyuma kinamezwa ndani ya jina la folda. Orodha inakushughulikia hilo, inaurudia mkwaju mara mbili na hata hujui kama kulikuwa na shida. Kwa hili peke yake naisamehe mengi.

Shida ni programu ambazo hazifuati kanuni hizo. Mfano mzuri ni msiexec, ile ya kusakinisha programu kwenye Windows, inataka INSTALLDIR="C:\Program Files\Kitu", nukuu zianze baada ya alama ya sawasawa, wakati Python itazungushia kitu kizima kuanzia herufi I. Hapo huna ujanja, Windows inakuruhusu kuipa subprocess stringi badala ya orodha, unaiandika mwenyewe ilivyo. Sipendi lakini ndo njia. Na ukiandika stringi usisahau kuizungushia nukuu njia ya programu yenyewe, maana ukiacha C:\Program Files\Kitu\kitu.exe hivihivi, Windows inaanza kwa kujaribu C:\Program.exe kabla haijafika kwenye ile uliyoitaka, na mtu mwenye nia mbaya akifanikiwa kuweka faili la jina hilo pale ndo linaloanza.

Halafu kuna faili za .bat na .cmd, zile zenye orodha ya amri za Windows, hizi nazikwepa kabisa kama majina yanatoka kwa watu nisiowajua. Hata kama hujaweka shell=True, Windows inaziendesha kupitia cmd.exe, yaani sheli yake, na cmd.exe ina kanuni zake nyingine kabisa, alama kama & kwake inaanzisha amri mpya. Jina lisilo na spesi halizungushiwi nukuu, kwa hiyo & inapita wazi. Mwezi wa 4 mwaka 2024 hili lilikuwa gumzo, watu wa lugha ya Rust walitoa toleo 1.77.2 kuliziba, Node.js, ya kuendesha JavaScript, nao wakarekebisha ya kwao, na Python wameweka onyo kwenye maelezo rasmi. Onyo. Ndo maana nasema nne.

Sehemu nyingine inayowachanganya watu wala si ya Python ni ssh, ile ya kuendesha amri kwenye mashine ya mbali. Unaandika ["ssh", "seva", "ls", "Picha za zamani"], kwenye mashine yako imekwenda vizuri vikasha vinne, lakini ssh inaviunganisha vyote kwa spesi na kumpa sheli wa kule, naye anavikata upya, unaambiwa hakuna Picha, hakuna za, hakuna zamani. Huku shlex.quote ndo mahali pake hasa, au shlex.join ukiwa na Python 3.8 kwenda juu, unaifunga amri yote ya kule kuwa kitu kimoja. ffmpeg nayo ina tabia karibu na hiyo kwenye vichujio vyake, jina la faili la manukuu, yale maandishi ya chini ya video, ukiliweka ndani ya kichujio linasomwa na ffmpeg kwa kanuni zake, hapo orodha imekufikisha mlangoni tu.

Kwa wanaotumia lugha nyingine nimegusagusa kidogo. Java usiguse Runtime.exec inayopokea stringi moja, inakata kwenye kila spesi bila kujali nukuu, na tangu Java 18 wameiwekea alama ya kuachwa, tumia ProcessBuilder. Upande wa .NET, ukiwa kwenye .NET Core 2.1 au mpya zaidi tumia ArgumentList na uachane na Arguments ya stringi. Go imenifurahisha, exec.Command inataka maneno yaliyotengana tangu mwanzo, sheli huipati mpaka uiite mwenyewe kwa jina.

Njia yangu ya kupata uhakika, kabla sijalaumu chochote, ni kaskripti ka mistari miwili, import sys na print(sys.argv), nakaita badala ya programu halisi kwa orodha ileile. Kanakuonyesha kila kikasha kilivyofika. Kama vimefika vizima, basi shida iko ndani ya ile programu unayoiita na unaacha kuhangaika na nukuu. Majina yanayoanza na kistari ni mfano mzuri, yanafika salama ila programu inayadhania ni swichi, dawa yake kwa programu nyingi ni kuweka "--" kabla ya majina, au kuanza na ./ mbele ya jina.

Kitu cha mwisho ni urefu. Nilikuwa naita programu moja ya kubana faili nikiipa majina yote ya folda kwa mkupuo, Windows ikagoma, kumbe stringi yote ya CreateProcess mwisho wake ni herufi 32,767, na ukipitia cmd.exe inashuka mpaka 8,191. Majina marefu yenye spesi yanafika huko haraka maana kila moja linaongezewa nukuu mbili. Kama programu yako inakubali kusoma orodha ya majina kutoka kwenye faili, yaandike humo moja kwa kila mstari uipe jina la hilo faili tu, na kama haikubali yagawe uite mara kadhaa.