A Game of Thrones: wanawake wake wamechorwaje?

Haya watazamaji, karibuni. Leo ninacho mkononi kitabu hiki kinene cha George R. R. Martin, riwaya ya falme za kubuni zinazofanana na Ulaya ya kale, kilichotoka mwaka 1996. Vita na fitina zake wameshazisema wengi. Mimi nataka wanawake tu.

Nianze na sifa. Kuna mahali Catelyn, mke wa bwana mkubwa wa kaskazini, yuko kwenye nyumba ya wageni, mara anaingia Tyrion, shemeji wa mfalme, ambaye Catelyn anamshuku kuwa alituma mtu amuue mwanawe. Mama wa watu hana jeshi. Anasimama, anawageukia wanaume waliokuwa wakila, anawasoma nembo vifuani: popo mweusi, farasi mwekundu, minara miwili. Anawauliza mmoja mmoja, bwana wako si mtu wa baba yangu? Kufumba na kufumbua, panga zimechomolewa na Tyrion ni mateka. Silaha yake ni ukoo, kumbukumbu na ulimi. Kila nikiirudia sura hiyo inanisisimua.

Sasa Daenerys, binti wa mfalme aliyepinduliwa. Anaozwa akiwa na miaka 13. Ukilalamika, mashabiki wanakuwahi: "Ndivyo ilivyokuwa zamani." Jamani, zamani ipi? Martin alichota sana kwenye Vita vya Waridi, vita vya kugombea kiti cha ufalme, Uingereza ya karne ya 15. Ni kweli, Margaret Beaufort, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alimzaa Henry VII, mfalme wa baadaye, mwaka 1457 akiwa na miaka 13. Lakini hakuzaa tena, na alipokuwa bibi alipinga mjukuu wake kupelekwa mapema kwa mume Scotland. Yaani hata watu wa zamani hizo waliona jambo hilo lina madhara! Kitabuni, msichana anaishia kumpenda mume aliyeuziwa. Hapo mimi na Martin hatuelewani.

Tena zamani hiyo hiyo ilikuwa na Margaret Paston, mke wa mwenye mashamba wa Norfolk, Uingereza. Mwaka 1448, watu wenye silaha wameipora nyumba yao na yeye yuko jirani nao, anamwandikia mumewe: tuma pinde, mishale na mashoka ya vita. Na barua ni ile ile, anaagiza ratili ya lozi, ratili ya sukari, na kitambaa cha nguo za watoto. Basi huyu ndiye ninayemtafuta humu simpati, mwanamke anayepanga ulinzi na chakula kwa pumzi moja. Wanawake wasio wa kikabaila wanapita tu kama watumishi, au tunawakuta danguroni.

Ununue? Nunua, kwa ajili ya Catelyn, na binti yake Arya pia. Ila mtoto wa shule usimpe.