Duka la asali Tabora ambako bosi hashiki ndoo

Duka hili dogo liko mjini Tabora, mtaa wa nyuma ya stesheni, na asali yake inastahili sifa inazopewa. Rangi hubadilika kwa msimu, ndivyo asali ya miombo ilivyo, ila uzito ni uleule, harufu ya moshi hakuna, na kifuniko hakifuri chupa ikikaa kabatini. Ukitafuta mashine huzioni. Kuna ndoo zenye koki chini, chujio mbili, tangi moja la chuma cha pua na kipimo cha maji yaliyomo kwenye asali, basi. Tofauti inaletwa na msimamizi wa mapokezi, mama wa makamo ambaye vijana wake wanne wa kazi wanamwita Mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi. Ukikaa pale asubuhi nzima huenda usimwone akigusa ndoo hata moja.

Tazama mapokezi. Mzee mrina asali ameshuka na dumu la lita 20 kutoka Sikonge (asali ya lita 20 ina kama kilo 28, ndiyo maana hapa wanapima kwa mizani). Salamu zimeisha, mwangaluka mayu, mwangaluka baba. Kijana anadondosha tone kwenye kioo cha kipimo, anakifunika, anakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni na papo hapo anatangaza: "Ishirini na moja, Mayu. Tunairudisha." Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinaishia asilimia 20 ya maji, juu ya hapo asali iko katika hatari ya kuchacha.

Mayu hanyanyuki kwenye kigoda. "Umesubiri?"

Kijana anafuta kioo, anaanza upya, safari hii anaacha nusu dakika ipite. Kumi na tisa na nusu. Dumu lilikuja juu ya keria ya basi, juani, na asali ya moto husomeka kana kwamba ina maji mengi kuliko iliyonayo. Neno moja limemwokoa mzee na hasara ya safari, na kijana hatalisahau kwa sababu jibu amelipata mwenyewe. Bosi mwingine angempokonya kipimo, na kesho yake kosa lingerudi.

Mafunzo yenyewe yana mpangilio. Kazi hugawanywa vipande vidogo, kila kipande cha dakika tano hivi. Kwanza Mayu anafanya kimya, mgeni akitazama. Mara ya pili anafanya huku akitaja hatua na sababu yake. Mara ya tatu mgeni anafanya yeye, tena kwa sauti. Akitaja hatua bila sababu, wanarudia. Mwisho anaachwa peke yake, na Mayu anapita kukagua, mwanzoni kila ndoo, halafu moja kati ya tano, halafu bila ratiba. Si uvumbuzi wa Tabora huu: viwanda vya Marekani vilifundisha wafanyakazi wapya kwa hatua za namna hii wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wasimamizi wengi wanaouiga huangukia hatua ya tatu. Wanauliza "umeelewa?", wanajibiwa "ndiyo", wanaondoka.

Lililo bora zaidi ni jinsi anavyochagua nani apewe nini. Hatazami umri wala cheti, anatazama kosa la kazi hiyo linarekebishika au la. Lebo ikibandikwa upande inabanduliwa, kwa hiyo lebo ni kazi ya siku ya kwanza. Kuosha na kukausha ndoo kunafuata, na hapo anakuwa mkali kidogo, kwani maji yaliyobaki kwenye ndoo hulainisha asali inayoyagusa na uchachu huanzia hapo. Kisha kuchuja, na kuiacha asali itulie siku mbili tatu ili povu na vipande vya nta vielee juu, asali ivutwe kwa koki ya chini. Kumimina kwenye tangi ni mwisho kabisa, baada ya miezi mitatu hivi. Dumu moja lenye maji likishaingia humo halitolewi tena, limeharibu na ya wenzake.

Kila asubuhi anayefungua duka anakagua kipimo kwa tone la mafuta ya zeituni, ambayo kwenye kipimo cha asali husoma karibu 27. Maji ya bomba hayafai, yako nje ya mistari yake. Zamu hii inazunguka kwa wote wanne, hata aliyeanza juzi. Kosa likitokea linaandikwa daftarini: tarehe, namba iliyosomwa, kilichotangulia, kilichofanyika. Safu ya "nani" haipo. Kwa hiyo vijana wanaandika bila kuficha, na kurasa za Oktoba, joto likiwa kali, zimejaa kuliko nyingine.

Kasoro zipo. Jumamosi foleni ni ndefu, kwa kuwa mgeni ndiye anayehudumia na hakuna anayemharakisha. Mwenye haraka aende siku nyingine. Kubwa zaidi ni bei. Mayu anaikumbatia peke yake, akienda vijijini, warina wanamsubiri dukani hadi alasiri na madumu yao kivulini. Kwa kanuni yake mwenyewe, kulipa dumu moja zaidi kidogo ni kosa linalorekebishika kesho. Angewapa vijana kima cha chini na cha juu, wakaamua katikati. Hilo bado halijamtoka mkononi, na mfanyakazi wa mwaka wa pili anastahili kulijaribu.

Ukiambiwa asali iliyoganda imetiwa sukari, usiamini. Kuganda ni kawaida yake. Iweke chupa ndani ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, usiibandike motoni. Vijana wa hapa watayatoa maelezo hayo bila kumtazama Mayu usoni kwanza.

Ukija na chupa yako ije kavu. Anayehudumia ataigeuza juu ya kitambaa cheupe kabla hajafungua koki, na ukiona anairudisha kwako, unyevu umeonekana.