Darubini ya mtumba 8x42 na kiota cha ndege chozi barazani kwetu

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anataka kujua. Nimeichukua 85,000 hapa hapa Tanga kwa jamaa anayeuza kamera za mtumba, alianzia 120,000 tukavutana mpaka tukafika hapo. Ni 8x42, yaani inavuta mara 8 na lenzi za mbele zina upana wa milimita 42, na hiyo 42 msiidharau jamani kwa sababu ndo inaingiza mwanga, alfajiri bado giza giza mimi naona vizuri tu. Watu wengi wanakimbilia zile za kuvuta mara 12 au 20, zile mkono ukitetemeka kidogo picha yote inaruka, kwa ndege wa uani 8 inatosha kabisa.

Sababu ya kuinunua ni mama. Mwaka jana alipata kiharusi upande wa kulia ukalala, kila asubuhi baada ya swala tunamtoa barazani, sasa akawa anasema kuna kitu kinaning'inia pale kwenye bogonvilia kama takataka iliyonasa, hakioni vizuri. Kumbe ni kiota cha chozi, kale kandege kadogo ka mdomo mwembamba uliopinda kanakofyonza maua. Ukikiangalia kwa macho kweli takataka, nyasi kavu na vijani vimeshonwa na utando wa buibui, ila kwenye darubini unaona mlango wa pembeni na kadari kadogo juu yake kuzuia mvua, na jike ndo anajenga peke yake na kuatamia peke yake, dume yule anayeng'aa kijani na zambarau nilimuona anasaidia baada ya makinda kutoka.

Makinda yalikuwa mawili. Siku moja nikahesabu, saa moja wazazi walirudi na chakula mara 17, na sio utamu wa maua mnaoujua, ni vibuibui na viwavi. Mama akasema ndo maana Mtume akatupigia mfano wa ndege, anatoka asubuhi ana njaa jioni anarudi ameshiba, sema anatoka mwanangu, hakai kiotani akangoja.

Lakini kilichonikamata mimi ni kingine. Yule jike akishalisha hafanyi haraka kuondoka, anangoja, kinda linageuka linatoa kifuko cheupe, ule ni uchafu wake umefungwa kwenye utando, na mama yake anakibeba kwa mdomo ule ule aliotoka kulishia anaenda kukitupa mbali. Nikaona mara ya kwanza nikadhani nimekosea, nikazungusha fokasi, nikaona tena. Nilishusha darubini nikalia. Mimi ndo binti pekee nyumbani, mimi ndo namwogesha mama na kumbadilisha, na kuna siku nilikuwa nafanya uso umekunja, simjibu, namgeuza haraka haraka nimalize, na yeye ananiangalia tu. Ile aya ya kwenye Surat Al-Israa ya kuwainamishia wazazi bawa la unyenyekevu kwa huruma na kuwaombea rehema kama walivyotulea utotoni nimeisoma tangu madrasa, sikuwahi kujiuliza kwa nini limetajwa bawa. Siku ile nilimwomba mama msamaha, akanishika kichwa kwa ule mkono wa kushoto akasema, "Wewe ulikuwa hulali usiku, mimi sikuchoka."

Kunguru walikuja pia, hawa waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakala taka wakaenea pwani yote, wanafukua viota vya wenzao bila huruma. Mama akawa mlinzi, nikampa mfuniko wa sufuria na mwiko, akimuona anagonga kwa mkono wake mzima. Makinda yote mawili yaliruka salama alhamdulillah.

Haya kasoro zake. Nzito, ukishika dakika kumi mabega yanauma, weka viwiko kwenye ukuta wa baraza. Mpira wa jicho la kushoto umelegea unachomoka kila saa na mkanda ulikatika wiki ya pili nikaweka wa begi. Kitu kikubwa kwetu huku pwani ni unyevu, lenzi zinaota kuvu kwa ndani na hapo imekufa, kwa hiyo kabla hujalipa ielekeze kwenye mwanga uchungulie kwa upande wa mbele kama kuna utando utando, na nyumbani ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Usiielekeze kwenye jua kabisa, utaunguza macho. Pia hakikisha inaona karibu, yangu inaanza kama mita 3 na kiota kiko mita 5, kuna zingine hapo unaona ukungu tu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Jike ameanza kushona tena kwenye tawi la jirani, mama ameshaniambia kesho nimtoe nje mapema zaidi.