Ukinunua vifaa vya umeme vya nyumbani, hesabu saa kabla ya wati

Mnunuzi akiingia dukani huuliza, "Hiki kinakula umeme kiasi gani?" Muuzaji anageuza kifaa, anasoma wati zilizoandikwa nyuma, mazungumzo yanaishia hapo. Hilo ni nusu ya jibu. Bili hutokana na wati mara saa: wati 1,000 zikitumika saa moja ni uniti moja. Pasi ya wati 1,000, hata ukipiga saa nzima kila wiki, haizidi uniti 52 kwa mwaka. Friji ya wati 120, ambayo haizimwi usiku wala mchana, inaweza kumaliza uniti 400, ingawa kompresa yake, yaani pampu inayopoza, huwaka na kupumzika. Ndiyo maana nimepanga vifaa hivi kwa kufuata saa zake.

Kwanza: friji. Hapa usiwe na mkono wa birika. Tafuta lebo ya nishati, usome idadi ya uniti kwa mwaka, zile zilizoandikwa kWh. Tuseme friji mbili zina ujazo sawa, moja inatumia uniti 200 kwa mwaka na nyingine 350. Katika miaka 10 zitapishana uniti 1,500. Zidisha kwa bei unayolipia uniti, kisha ulinganishe na tofauti ya bei ya friji zenyewe. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Angalia pia lebo ni ya lini. Machi 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta madaraja ya A+, A++ na A+++ kwenye lebo za friji, ukarudi kwenye A hadi G kwa kipimo kigumu zaidi. Kwa hiyo friji ya zamani yenye A+ inaweza kushindwa vibaya na mpya yenye D, na mnunuzi asiyejua atachukua ile ya zamani akidhani amepata.

Kuna herufi nyingine ambazo wengi huzipita: N, ST au T. Zinaeleza friji imetengenezwa kuhimili joto gani la chumba. N inaishia nyuzi 32, ST 38, T 43. Kama jikoni kwako kunachemka, chukua T. Na ukiweza, chukua yenye kompresa ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kila mara.

Kuhusu friji iliyotumika, niliwahi kununua moja kwa sababu bei ilikuwa ya kutupa. Usiku wa kwanza niliamka kunywa maji nikaisikia ikinguruma. Alfajiri bado inanguruma. Nikafungua mlango, nikabana karatasi, nikafunga, nikaivuta. Ikatoka bila kugoma: raba ya mlango ilikuwa imekakamaa upande wa bawaba, na baridi ilikuwa ikivujia hapo muda wote. Siku hizi siendi kuangalia friji bila karatasi mfukoni. Nabana pande zote nne, muuzaji acha anishangae.

Pili: kiyoyozi, kama kwako kinawaka saa nyingi. Inveta hapa inalipa kweli, kwa sababu ile ile ya friji. Ila kama unakiwasha saa moja tu kabla ya kulala, fedha ya ziada itachukua muda mrefu kurudi. Usinunue kikubwa kuliko chumba: kitapoza haraka, kitazima kabla hakijakausha unyevu, nawe utabaki na chumba cha baridi chenye jasho. Na kabla ya yote jaribu feni. Feni ya dari ya kawaida hula wati 70 hivi, na zile za mota isiyo na brashi hushuka hadi 30 na kitu.

Tatu: balbu. Nimeziweka hapa kwa sababu nyumba nyingi zimeshahamia LED. Kama wewe bado una balbu za nyuzi, ruka friji na kiyoyozi, anzia hapa leo hii. Balbu ya nyuzi ya wati 60 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 800 hivi, na LED ya wati 9 inatosha kutoa mwanga huo huo. Balbu 6 zikiwaka saa 5 kwa siku, unaokoa uniti moja na nusu kila siku. Dukani linganisha lumeni, usilinganishe wati.

Nne: kupikia. Kwa vyakula vinavyochemka saa nzima, sufuria ya presha ya umeme haina mpinzani: presha ikishajaa, hukata moto na kuwaka kwa vipindi tu. Jiko la induksheni nalo hupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, lakini nenda dukani na sumaku. Isiponata chini ya sufuria, sufuria hiyo haifai.

Tano: mashine ya kufulia. Umeme mwingi huenda kupasha maji, hivyo chagua yenye programu nzuri ya maji baridi, na uitumie.

Birika usihangaike nalo. Karibu joto lote huingia kwenye maji, liwe la aina gani, basi chemsha kiasi unachohitaji tu. Na visanduku vinavyochomekwa kwenye soketi eti kupunguza bili, viache dukani. Mita ya nyumbani huhesabu umeme uliotumika kweli, na kisanduku hicho chenye kitaa cha kijani kinaongeza tu kifaa kingine kinachokula umeme.