Wamekikata kitako, ugonjwa wakauacha palepale

Kijana wa duka lile la silaha mjini hakunisalimu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko pesa. Mimi ni mtu wa miaka sitini na kitu, nimeingia na bunduki niliyoinunua palepale, naeleza shida yangu, yeye macho yako kwenye simu. Nilipomaliza akasema: "Mzee, bunduki haina kosa. Tumia mkono wa kula kama wenzako."

Natumia mashoto. Nimezaliwa hivyo. Shuleni nilichapwa kwa ajili ya mkono huu, na nilidhani yale yalishapita.

Shida yenyewe ni hii. Msimu wote nilikuwa nakosa kwale, na nakosa upande uleule. Kule Handeni kwale wakiruka kwenye mabua hatua ishirini mbele yako, ndege anakwenda moja kwa moja, hata huna haja ya kulenga mbele yake, na bado hadondoki hata unyoya. Rafiki yangu aliyekuwa nyuma ndiye aliyeona majani yanavyochanwa. "Kaka, marisau yako yanapita kulia kwake." Marisau ni zile punje ndogo za risasi zinazotoka nyingi kwa mpigo mmoja. Nikabisha. Tukatundika shuka kuukuu, tukatia alama ya mkaa katikati, nikasimama mita 15 nikapiga mara sita, nainua na kufyatua kama porini, bila kukazana kulenga. Matundu yalijaa kulia kwa alama, katikati yake ikiwa kama sentimita 15 kutoka kwenye alama. Kwa mita 30 hiyo ni sentimita 30. Kwale mwenyewe hana upana huo.

Bunduki ya marisau si kama raifo yenye alama mbili za kulengea. Kwa kawaida ina shanga moja tu kwenye ncha ya mtutu. Alama ya nyuma ni jicho lako, na jicho linakaa pale shavu linapolazwa juu ya kitako, ule mti wa nyuma unaouegemeza begani. Kutoka jichoni hadi kwenye ncha ni kama sentimita 90, kwa hiyo jicho likikaa milimita 9 nje ya mstari, ndiyo zile sentimita 15 za kwenye shuka. Sasa, vitako vingi vya mbao hupindwa kidogo kwenda kulia, ili mtu wa mkono wa kulia akiegemeza shavu, jicho lije juu ya mtutu. Mimi shavu langu linakuja kutoka upande wa pili. Kitako kilekile kinachomkwepa yeye kinanisukuma mimi uso, jicho langu linabaki kulia kwa mtutu, na marisau yanakwenda huko. Kila nikipiga, mti unanigonga mfupa wa shavu. Jioni nilikuwa nakula kwa upande mmoja.

Haya yote nilimweleza yule kijana, na shuka nilikwenda nalo. Hakulikunjua. Alichukua bunduki, akaniambia nikunje mkono, akaweka kitako kwenye kiwiko, kidole changu hakikufika vizuri kwenye kifyatulio, akasema, "Ndefu hii, tutakupunguzia." Kipimo cha kiwiko hakijui shavu lako liko wapi wala jicho lako liko wapi! Lakini nilikubali, na hapo najilaumu. Niliporudi walikuwa wamekata sentimita 3 kwa msumeno, tena mshazari, wakanitoza, na kile kipande wakanipa kwenye mfuko wa plastiki.

Nilipiga mara mbili. Mara ya pili kidole gumba changu kilinipiga puani hadi damu ikatoka, kwa sababu kitako kikiwa kifupi mno mkono unasogea karibu na uso, na teke la bunduki linamalizia kazi. Marisau? Kulia, kama zamani.

Basi nilikuwa nimeamua kuandika kwamba msiinunue bunduki hii kabisa. Leo siwezi kuandika hivyo, maana nimempata fundi mmoja mzee. Yeye aliniamkia kwanza, ingawa tunakaribiana umri. Akaifungua bunduki akakagua kuwa haina kitu, akaifunga, akaifungua tena akakagua. Akapaka chaki mgongo wa kitako. "Inua. Lete shavu. Usikifuate kitako, kiache kije chenyewe." Nikainua mara tano, akatazama chaki iliyobaki shavuni mwangu, akasema maneno manne: "Hiki si cha kwako."

Alifunga vitambaa kwenye shingo ya kitako, akawa anamwagia mafuta ya kitani ya moto kidogokidogo kama mtu anayemkanda mgonjwa, kisha akabana kwenye jiriwa na kuzungusha robo kwa robo, kukipinda kwenda kushoto. Mti ulilia. Alinionya mapema kwamba unaweza kupasuka, na usipopasuka unaweza kurudi nyuma kidogo. Ukalala umebanwa usiku kucha. Ule urefu waliokata akaurudisha kwa mpira mnene, kwa kuwa kipande changu hakikushika tena, msumeno ulikuwa umekwenda ovyo.

Shuka jipya, mita 15, mara sita: katikati. Wiki ile ile kanga wawili, mmoja alikuwa anakatiza kutoka kulia kwenda kushoto, yule ambaye miaka yote nilimwachia rafiki yangu.

Kwa hiyo bunduki naipa nyota nne. Ingekuwa tano, ila baada ya mvua mti umerudi nyuma kama alivyonionya, na itabidi niende tena. Duka nilitaka kulipa nyota mbili, kwa sababu bunduki waliyoniuzia ni nzuri kweli na bei haikuwa mbaya. Lakini kipande kile cha mti kiko hapa mezani ninapoandika, na mfuko wake, na risiti ya kukikata. Nyota moja. Mnirudishie pesa ya kukata, na kijana wenu akiniona tena anisalimu.