Mwaka mmoja na kifurushi cha intaneti na televisheni pamoja: uzoefu wangu, Tabata

Mkataba wangu wa miezi 12 ulikwisha Januari 2025 na sikuuhuisha. Ulikuwa mkataba wa kifurushi kimoja: intaneti ya faiba na televisheni, bili moja, kampuni moja. Naandika kwa sababu mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, nguzo zimejaa nyaya za faiba, vijana wa mauzo wanagonga mageti kila Jumamosi, na maneno yao ni yale yale niliyoambiwa mimi Januari 2024. Jina la kampuni naliacha. Ninachotaka kuwaeleza ni mpango wenyewe, na nilivyoona ukifanya kazi ndani ya nyumba yenye watu sita.

Kijana aliyekuja kwangu alikuwa na adabu na anaijua kazi yake. "Dada, siku hizi nani analipa vitu viwili? Chukua kimoja, umalize kazi." Akaniandikia kwenye karatasi: intaneti peke yake, yenye kasi ya Mbps 30 (megabiti kwa sekunde), ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Televisheni yao peke yake ni 35,000. Ukichukua vyote, 85,000, na kufungiwa ni bure. Nilipiga hesabu pale pale getini nikaona nimeokoa 20,000 kila mwezi. Nikasaini siku hiyo hiyo.

Hesabu ile ilikuwa sahihi kwa mtu ambaye angelipia vyote viwili kwao. Mimi nilikuwa na king'amuzi cha Azam sebuleni, na sikujiuliza swali la kwanza kabisa: je, nitakizima?

Jibu lilikuja wiki ya pili. Mume wangu ni Yanga damu. Haki za kurusha Ligi Kuu ziko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa na shirikisho la soka, TFF, mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo kisanduku kipya kilikuwa na chaneli nyingi, lakini Yanga na Simba hazikuwemo. Halafu kuna mama mkwe. Mama hufuatilia tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, anazijua familia zote mle ndani, nani kamdhulumu nani na nani hajui kuwa mtoto ni wake. Nilimwonyesha chaneli za kwenye kisanduku kipya, nikampa na rimoti. Alizungusha taratibu, chaneli baada ya chaneli, kisha akaiweka rimoti mezani na kuniambia, "Mama Neema, hizi nzuri, lakini watu wangu hawamo."

Basi king'amuzi kikabaki. Na hapo hesabu ya getini ikageuka. Bila kifurushi ningelipa 70,000 za intaneti pamoja na king'amuzi changu. Kwa kifurushi nililipa 85,000 pamoja na king'amuzi kile kile. Shilingi 15,000 kila mwezi zilikwenda kwenye televisheni ambayo nyumbani kwangu haikuwa na mwenyewe, ukiacha watoto kuangalia katuni ambazo wangezipata YouTube.

Tena 85,000 ilikuwa bei ya miezi sita tu. Imo kwenye mkataba, ukurasa wa pili, sikuisoma. Kuanzia Julai ikawa 100,000. Jumlisha mwenyewe: 15,000 mara sita, halafu 30,000 mara sita, ni shilingi 270,000 kwa mwaka. Kwangu mimi hiyo ni pesa ya sare, madaftari na viatu vya watoto wawili.

Sasa niwatendee haki, maana yapo waliyoyafanya vizuri. Fundi alikuja siku aliyosema, akatoboa ukuta mara moja, akapitisha waya mwembamba mweusi kutoka kwenye nguzo mpaka nyuma ya kabati la televisheni, akafunga kisanduku cha faiba, ruta na kisanduku cha televisheni kwa muda usiozidi saa mbili. Picha ilikuwa safi. Na masika ya mwaka ule, mvua ikishuka kwa nguvu, dishi langu lilikuwa linapoteza mawimbi na kioo kinabaki na maandishi tu, wakati kisanduku cha faiba kinaendelea kama kawaida. Mawimbi ya setilaiti hudhoofishwa na mvua kubwa, waya wa faiba mvua haiugusi. Intaneti yenyewe ilikuwa nzuri pia. Kazi yangu ni kutunza hesabu za maduka, natuma mafaili mazito kila mwisho wa mwezi, na kwa upande huo sina malalamiko.

Shida ni kwamba televisheni ile ilikuwa inapita kwenye waya ule ule wa intaneti. Sikulielewa jambo hili wakati wa kusaini. Nilidhani nanunua vitu viwili, kumbe ni kitu kimoja chenye matumizi mawili.

Nilielewa Mei. Jumapili asubuhi, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, zile nyaya kubwa zinazotuletea intaneti kutoka nje, EASSy na SEACOM, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Wengi mnakumbuka siku ile, WhatsApp ilikuwa inatuma kwa kubahatisha. Kwangu ruta ilikuwa na taa zote za kijani, lakini ukifungua chochote duara linazunguka tu. Kwenye kisanduku cha televisheni, chaneli za hapa nyumbani zilikuwa zinakwama na kuendelea, za nje zikagoma kabisa. Fundi alinieleza baadaye kwa simu kwamba za hapa wanazirusha kutoka kwenye mitambo yao Dar, za nje wanazivuta kutoka nje ya nchi.

Jioni ile Arsenal walikuwa Old Trafford, saa kumi na mbili na nusu, wako kwenye mbio za ubingwa. Shemeji yangu ni Arsenal, na kwa kawaida anaangalia mechi kwa programu ya kwenye simu. Alihangaika mpaka timu zinaingia uwanjani, kisha akavaa kandambili akaenda kibanda umiza cha jirani, penye dishi. Akarudi saa mbili na nusu usiku, sauti imekauka, wameshinda bao moja, la Trossard. Muda wote huo mama mkwe alikuwa sebuleni anaangalia tamthilia yake kwenye dishi, hana habari kwamba kuna mkongo umekatika.

Sisemi mkongo hukatika kila wiki. Lakini usiku ule nilijiuliza kwa nini nimeweka mawasiliano, kazi na burudani ya nyumba nzima kwenye waya mmoja.

Julai ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mwanangu wa pili alisogeza kabati kutafuta chaji, waya wa faiba ukabanwa nyuma ukakunjika. Faiba ina uzi wa kioo ndani, haikunjwi kama waya wa umeme. Kwenye kisanduku ikaanza kuwaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS, maana yake mwanga haufiki. Kosa lilikuwa letu, nakubali. Nilipiga simu huduma kwa wateja Jumatatu asubuhi, nikapewa namba ya tatizo. Jumanne nikaambiwa fundi yuko njiani. Jumatano nikaambiwa niongee na idara ya televisheni kwa sababu tatizo niliripoti kama televisheni, na idara ya televisheni wakanirudisha idara ya intaneti. Bili moja, lakini ndani yao ni watu wawili wasiosalimiana. Fundi alifika Alhamisi, akabadilisha kipande cha waya kwa dakika ishirini. Siku zile nilifanya kazi kwa bando la simu, na bando unajua linavyokwenda ukituma mafaili.

Mwezi huo huo bei ilipanda na muhula wa shule ukaanza. Zamani, mwezi ukiwa mgumu, nilikuwa naliacha dishi lijifunge lenyewe. Tunaangalia TBC na ITV kwa antena kwa wiki mbili tatu, mambo yakikaa sawa nalipia, na intaneti ya kazi haijaguswa. Kwa kifurushi hilo haliwezekani. Niliomba nilipie intaneti peke yake kwa mwezi mmoja, wakakataa: hulipi 100,000 yote, vyote vinazimwa. Nilikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama ili nilipie televisheni nisiyoiangalia, kwa sababu imefungwa pamoja na intaneti ninayoifanyia kazi. Jambo hilo mpaka leo linaniuma.

Niliuliza nikivunja mkataba itakuwaje. Kule kufungiwa bure kuna bei yake: ukitoka kabla ya miezi 12, unalipa gharama za kufunga na kurudisha visanduku vyote pamoja na rimoti na chaji zake. Nikavumilia.

Je, namshauri mtu asichukue kabisa? Hapana. Dada yangu anaishi ghorofani Upanga, mwenye nyumba hataki dishi kwenye baraza, hana mtu wa Ligi Kuu, anaangalia habari na sinema tu. Yeye amechukua kifurushi cha namna hii na kinamfaa. Akiongeza king'amuzi hana pa kuliweka dishi. Na kwa mtu ambaye kweli atazima kile alichokuwa nacho, punguzo ni punguzo.

Ila kabla hujasaini, keti na watu wa nyumbani kwako, kila mtu ataje anachoangalia kwa wiki, halafu uitafute chaneli hiyo kwenye orodha yao kwa jina. Usikubali idadi ya chaneli. Mimi niliambiwa ni nyingi, na mbili tu zilizokuwa za maana nyumbani kwangu hazikuwemo. Muulize kijana wa mauzo bei ya mwezi wa saba ni ngapi, na kama kodi ya VAT imo ndani. Muulize pia kama televisheni inakula kwenye kasi ile ile ya intaneti. Kwangu ilikuwa inakula: picha ya HD inataka kama Mbps 5 kwa kila kioo, na jioni watoto wakiwa kwenye kisanduku, shemeji kwenye simu na mimi kwenye kikao cha video, nilikuwa naliona pengo. Na muulize hili ambalo mimi sikuuliza: naweza kusimamisha televisheni nikabaki na intaneti? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba, lisiishie mdomoni.

Januari 2025 nilihamia kwenye intaneti peke yake, kampuni ile ile, maana faiba yao sina ugomvi nayo. Nikawa nalipa 70,000. Kijana mwingine alikuja kuchukua kisanduku cha televisheni, akahesabu nyaya, akauliza rimoti iko wapi. Tuliitafuta nusu saa. Mama mkwe alikuwa ameihifadhi kwenye droo yake ya kanga, ndani ya mfuko wake wa nailoni, betri zimetolewa zisivuje.